Makofi Kutoka Laela

Vitus alichukia kuchelewa, na si kwa watu tu, hata kwa picha. Kwa miaka sita alikuwa akirusha harusi, misiba na sherehe za ubarikio kutoka Sumbawanga kwenda kwenye simu za ndugu walioko mbali, na miaka yote hiyo maneno "moja kwa moja" yalimkera kwa sababu alijua ni uongo mtupu. Picha inayorushwa kwa njia ya kawaida humfikia mtazamaji baada ya sekunde ishirini, pengine thelathini. Kule Katandala kulikuwa na vibanda umiza viwili vya kuonyeshea mpira vinavyotazamana, kimoja kikitumia dishi na kingine intaneti. Siku za mpira wenye intaneti walijua goli limeingia kwa kelele za wenzao wa ng'ambo ya barabara, wakati kwenye runinga yao mfungaji bado anahangaika katikati ya uwanja.

Kwa harusi au msiba hilo halina neno. Bibi harusi akionekana Dodoma nusu dakika baada ya kuingia ukumbini, hakuna atakayeumia. Lakini kazi aliyoipata mwezi wa saba mwaka huu ilikuwa ya namna nyingine, kwa kuwa mtu wa upande wa pili hakutakiwa kutazama tu. Alitakiwa kujibu, na wa kujibu alikuwa mama yake mzazi.

Dada yake Vitus, Rozina, alikuwa anaweka nadhiri za daima katika shirika la masista lenye nyumba yake nje kidogo ya Kizwite. Mama yao, Bertilla, alimkatalia kwa miaka saba. Rozina alikuwa binti yake pekee, na baba yao, mzee Leonardi, alikuwa amekwisha kufariki. Bertilla alitaka wajukuu wa binti, alitaka mtu wa kukaa naye jikoni, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya padre. Mwaka wa tatu aliandikisha barua kwenda kwa Mama Mkuu, Sista Jane, akisema mtoto aliyenaye huko ni wa kwake na hajamtoa. Sista Jane aliiweka ile barua. Hakuwa mtu wa kutupa karatasi.

Mwezi wa tano Bertilla aliteleza akishuka kwenye kihenge cha nafaka, akavunjika nyonga. Rozina aliomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa mama yao Laela, akamuuguza wiki tatu. Akamwogesha, akampikia uji wa ulezi, akamgeuza kitandani. Habari ya utawa haikuguswa hata siku moja. Rozina alipoondoka, Bertilla alimpigia simu Vitus.

"Mwambie mwenzako," alisema, "siku ikifika nitamtoa."

Vitus alipeleka ujumbe. Rozina alilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Sista Jane naye alifurahi, ila alikuwa na lake: kwa kuwa katazo lilikuja kwa maandishi na watu wengi wanalijua, ruhusa isikike kwa mama mwenyewe, mbele ya kanisa, katika saa ile ile ya kuulizwa. Isiposikika, Rozina atasubiri mwaka mwingine. Naye daktari alikuwa amemkataza Bertilla kukaa kwenye gari hata nusu saa.

Basi jambo lote likaangukia mikononi mwa Vitus. Kati ya kitanda cha mama yake Laela na spika za kanisa la masista kulikuwa na kilomita tisini na kitu, na yeye ndiye aliyetakiwa kuzifanya zisiwepo.

Katika ukoo wao, binti anapotolewa, awe anaolewa au anakwenda utawani, mzazi huulizwa mbele ya watu kama amemtoa. Huulizwa mara moja. Akinyamaza, huulizwa tena, kisha mara ya tatu. Akinyamaza mara ya tatu jambo hufungwa kwa siku ile, watu wakala chakula na kurudi makwao. Padre Urbano, aliyepangwa kuongoza ibada, alikuwa mtu wa huko huko nyanda za juu, na utaratibu huo alikuwa ameupa nafasi yake ndani ya misa.

Vitus alimweleza rafiki yake Fahadi, ambaye familia yao ina duka la vifaa vya umeme mjini karibu na soko.

"Swali likienda sekunde ishirini na jibu likirudi sekunde ishirini, ni sekunde arobaini za kimya," alisema. "Padre atakuwa ameshauliza mara ya pili. Mama atakuwa anajibu la kwanza wakati wanamuuliza la tatu. Itakuwa vurugu tupu."

"Sasa mshikaji, kinachochelewesha ni nini hasa? Umbali?"

"Umbali si kitu. Ni akiba. Mtambo unaogopa kukwama, kwa hiyo unajaza ndoo kwanza ndipo unaanza kumimina. Mimi sitaki ndoo. Nataka tone likifika lipite."

Akakaa na kalamu wiki mbili. Aliacha ile njia ya kupeleka matangazo kwenye seva za ughaibuni na kuyarudisha, akaunganisha pande mbili uso kwa uso. Laela aliweka ruta mbili zenye laini za kampuni mbili tofauti, na kila kipande cha sauti kilitumwa mara mbili, kimoja kila njia. Kitakachotangulia kufika ndicho kitakachotumika, na kitakachochelewa kitupwe. Akiba aliipunguza mpaka ikabaki fupi kuliko kupepesa kope. Na kwa kuwa picha ndiyo mla njia mkubwa, aliagiza mtambo hivi: mtandao ukibanwa, picha ife kwanza, sauti ibaki. Mama alihitajika kusikika, kuonekana ilikuwa ni ziada.

Likabaki tatizo la mashine ya kusaga. Ilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bertilla, na Jumamosi ndiyo siku ambayo wakulima hujazana na mahindi na ulezi wao. Vitus alikwenda mwenyewe kumwomba mwenye mashine, mzee Nestory, asimamishe injini kwa nusu saa. Alimwamkia shikamoo vizuri na kupiga magoti kidogo.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee Nestory. "Mama yako namheshimu sana. Lakini waambie hawa watu wa foleni wewe mwenyewe."

Vitus aliitazama ile foleni ya ndoo na viroba, akaaga. Aliporudi mjini aliweka kichujio kwenye kompyuta yake, programu inayosikiliza kila kinachoingia, ikatenga sauti ya mtu na kuipitisha, na kila kisicho sauti ya mtu ikakizima. Aliijaribu na muungurumo wa mashine. Ulitoweka kabisa. Alijisifu kwa Fahadi siku nzima, na kusema kweli alistahili.

Jaribio la mwisho lilifanyika Ijumaa mchana. Aliyeshika vifaa Laela alikuwa Margareth, mama mmoja muuza vocha na laini wa stendi, mtu makini ambaye ukimwambia asiguse kitu hakigusi. Vitus aliuliza swali kutoka kanisani: "Bertilla, umemtoa binti yako?" Margareth akajibu kwa niaba: "Nimemtoa." Sauti ilijaa kanisani, safi, bila mashine wala upepo. Vitus akaandika kwenye daftari lake mahali pa mchelewesho: milisekunde mia mbili na ishirini. Hiyo ni chini ya robo ya sekunde.

"Sasa mpe mama mwenyewe ajaribu," alisema.

Margareth alikwenda na kurudi. "Amekataa. Anasema jambo hili halifanyiwi majaribio."

Vitus alicheka. Hakuona ubaya. Alimsisitizia Margareth mambo mawili: kesho azime simu zake zote ili zisiingilie mitambo, na swali likishaulizwa asiseme neno lolote, hata kikohozi akimeze, maana sauti ya mtu mwingine ikipita itavuruga.

"Nimeelewa, baba," alisema Margareth.

Jumamosi misa ilianza saa nne. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba na watu walikuja na masweta chini ya vitenge. Vitus na Fahadi walikaa kwenye meza nyuma ya nguzo, na mbele, pembeni ya altare, runinga kubwa ilimwonyesha Bertilla amekaa kitandani, mito mgongoni, kilemba cheupe kichwani. Watu walimpungia. Rozina hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele kabisa, na Vitus aliona mabega yake tu.

Saa tano na dakika ishirini, wakati wa litania, stendi ya Laela ilikuwa imejaa mabasi na abiria wenye simu, na mtandao ukabanwa. Mtambo ukafanya kama ulivyoagizwa. Picha ya Bertilla ilisimama, ikafa, na mahali pake pakatokea picha yake ya pasipoti aliyoiandaa Vitus kwa ajili ya dharura hiyo. Sauti ilibaki nzima. Vitus alimwonyesha Fahadi dole gumba.

Padre Urbano akasogea kwenye maikrofoni.

"Bertilla, mama wa Rozina, kanisa linakuuliza. Umemtoa binti yako?"

Kimya.

Vitus alitazama namba zake. Mchelewesho mia mbili na kumi. Njia zote mbili ziko hai. Vipande vilivyopotea, sifuri. Akasubiri sekunde tano, kumi, kumi na tano. Kanisani mtu alikohoa na mtoto akanyamazishwa. Padre Urbano alitupa jicho nyuma kuelekea nguzoni, na Vitus, kwa kuwa alikuwa mkweli kwa namba zake, akainua dole gumba kuonyesha kwamba mtandao hauna shida.

Ndilo kosa lake la pili katika kazi ile, na ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Kama mtandao ungekuwa mbovu watu wangeulaumu, wakasubiri. Yeye aliliambia kanisa zima kwamba mtandao ni mzima. Maana yake mama amesikia, na amenyamaza.

"Bertilla," Padre Urbano aliuliza tena, taratibu, "umemtoa binti yako?"

Kimya kile kile. Minong'ono ilianza upande wa akina mama. Sista Jane alikuwa ameinamisha uso. Rozina aliweka kiganja chake sakafuni kana kwamba anatafuta kitu cha kujishikilia. Vitus mwenyewe, Mungu amsamehe, aliamini. Aliwaza: mama amegeuka. Miaka saba na barua na sasa hivi, mbele ya watu wote. Alimkasirikia mama yake hasira ambayo hajawahi kuwa nayo maishani.

"Vitus," Fahadi alinong'ona, "mbona huku kunapanda?"

"Wapi?"

"Hapa."

Kwenye kompyuta kulikuwa na vipimo viwili vya sauti, kimoja cha inayoingia kutoka Laela na kingine cha inayotoka kwenda kwenye spika. Cha kutoka kilikuwa kimelala. Cha kuingia kilikuwa kinatetemeka chini kwa ajili ya mashine ya mzee Nestory, na juu ya mtetemo huo, dakika ile ile Fahadi aliponyoosha kidole, kiliruka. Kikashuka. Kikaruka tena. Kikashuka. Kikaruka mara ya tatu. Kila mruko ulikuwa umeachana na mwenzake kwa nafasi sawasawa.

Vitus akakumbuka harusi ya Salome. Salome alikuwa binti wa baba yake mdogo, na alipoolewa baba huyo alikuwa marehemu, kwa hiyo mama yake ndiye aliyeulizwa. Vitus alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikumbuka mama mdogo amepiga magoti, viganja vimekunjwa kama anayepokea maji, akapiga makofi matatu mazito ya polepole, na Salome akamjibu kofi kwa kofi. Hakusema neno. Mwanamume hutoa kwa kinywa. Mwanamke wa ukoo wao hutoa kwa mikono. Mzee Leonardi angekuwa hai angesema "nimemtoa" na kichujio kingempitisha. Bertilla alikuwa anapiga makofi tangu swali la kwanza, na mtambo wa mwanawe, uliofundishwa kwamba kisicho sauti ya mtu ni kelele, ulikuwa ukiyafuta moja moja. Picha ambayo ingeonyesha mikono yake nayo aliiua yeye. Margareth ambaye angesema alikuwa amemfunga mdomo.

Padre Urbano alikuwa ameshavuta pumzi ya kuuliza mara ya tatu.

Vitus alisimama. "Padre, samahani!" alisema kwa nguvu, na kanisa zima likageuka. "Subiri. Kosa ni langu." Kisha akainama, akazima kichujio.

Mashine ya kusaga ya Laela iliingia kanisani kwa kishindo. Muungurumo uligonga kuta, watoto wakaziba masikio, jogoo akawika mahali fulani ndani ya spika, mtu akasikika akiuliza ndoo yake iko wapi. Fahadi akataka kupunguza sauti, Vitus akamshika mkono. Jicho lake lilipita kwenye namba: bila kichujio mchelewesho ulikuwa umeshuka, mia moja na sabini.

Padre Urbano alilazimika kupaza sauti. "Bertilla! Umemtoa binti yako?"

Katikati ya muungurumo likatoka kofi. Zito, la viganja vilivyokunjwa.

Akina mama wa kanisa hawakuhitaji kuelezwa. Walishusha pumzi kwa pamoja, na wengine wakapiga magoti pale pale. Rozina aliinua kichwa. Alikunja viganja vyake na kujibu kofi moja. Likaja la pili kutoka Laela, akajibu. Likaja la tatu, akajibu. Hayakugongana hata mara moja. Mama alikuwa akisikia kofi la binti yake kabla mikono yake haijaachana vizuri, kama wamekaa jikoni, kati yao jiko tu. Vitus alilia, na hakujali nani anamwona.

Vigelegele vilipopanda hata mashine ya mzee Nestory haikusikika tena. Rozina akaweka nadhiri zake.

Kesho yake Vitus alipanda basi kwenda Laela kuchukua ruta zake. Njiani aliandaa maneno ya kusema. Angesema mtandao ulisumbua, neno ambalo kila mtu hulipokea bila maswali. Bertilla alikuwa kitandani, chai mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana mlininyamazia kwa nini?"

Vitus alikaa kwenye kigoda. Mama yake hakumngoja.

"Nilipiga, Rozina hakujibu. Nikapiga tena, hakujibu. Nikajua ananirudishia. Nikasema ni haki yake, nimemnyima miaka saba, acha na yeye aninyime mbele ya watu." Alikunywa chai. "Lakini nilipoulizwa tena nikapiga. Nikasema hata asipojibu, mimi nimeshamtoa."

Vitus akayaacha maneno ya mtandao.

"Si Rozina, mama. Hakuyasikia. Yalifika, mashine yangu ikayafuta. Niliiambia ikikuta kitu kisicho neno ikitupe."

Bertilla akamgeukia. "Makofi ya mtu, wewe ukayaita kitu."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye kule alifikiri nini?"

"Kwamba umekataa."

Bertilla akaweka kikombe chini. Hakumkemea. Alisema tu, "Basi ni sita hayo. Matatu ya kwanza, na matatu ya pili. Hayajajibiwa."

Vitus alikuwa nayo. Kompyuta ilikuwa imehifadhi kila kilichoingia kabla ya kuchujwa. Alimpigia Rozina simu, akamweleza yote, na Rozina akasema ataomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Alikuja Alhamisi ya wiki ya pili, katika vazi lake jipya, pete kidoleni. Aliingia chumbani kwa mama yake bila hata kutua mfuko. Ng'ambo ya ukuta mashine ilikuwa inasaga. Vitus aliweka spika ndogo mezani akiwa tayari kufungua ile sauti, lakini Bertilla akamwashiria aiache, akavuta mito mgongoni, akakunja viganja vyake mwenyewe. Rozina akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Alijibu yote sita, moja baada ya jingine, na alipomaliza alilaza kichwa kwenye blanketi la mama yake. Bertilla aliuweka mkono juu ya kilemba cha utawa na kuuacha hapo.

Vitus alitoka nje. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu kama kawaida. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa kazi ile, palipoandikwa mia mbili na ishirini, mia mbili na kumi, mia moja na sabini. Chini yake akaandika: Laela hadi kanisani, makofi sita ya mwanzo, mchelewesho siku kumi na mbili.